Pamba ya Tutafika

Kule Karema, ukitaka kumsema mtu anayesifia chakula asichokila, unamwambia, "Na wewe umekuwa fundi Melkiadi." Watu wanacheka, mambo yanaisha. Na niseme ukweli, msemo huo ulikuwa wa haki. Kwa miaka ishirini na sita Melkiadi Lyamba ndiye aliyekuwa akiiziba boti ya Tutafika. Ndiye aliyekuwa akisimama mwaloni siku ya safari, mikono kiunoni, akiwaapia abiria kwamba boti hiyo haijawahi kumlowesha mtu soksi. Nanga ikishang'olewa, anageuka zake kwenda nyumbani kunywa uji. Yeye mwenyewe hakuwahi kuipanda ikiwa majini, hata mara moja, hata ikiwa imefungwa kamba.

Msimcheke bado. Melkiadi kazaliwa Litapunga, kwa watu wa mahindi na karanga, na mto mkubwa kuliko yote aliyoijua utotoni ungeweza kuuruka ukiwa na debe kichwani. Alishuka Karema mwaka tisini na nane akiwa na magunia mawili ya pamba ya mjomba wake, maana alisikia kuna fundi wa boti, mzee Séverin kutoka Burundi, anayenunua pamba. Alipoliona ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza alikaa chini. Akauliza, "Lote hili ni la nini?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu ni swali gumu.

Mzee Séverin alikuwa ndiyo kwanza anamalizia Tutafika, mbao za mninga, hatua ishirini na mbili kutoka pua hadi mkia. Mikono yake ilishaanza kutetemeka. Kazi ya kuziba haitaki mkono unaotetemeka: unasokota pamba kama utambi, unaichovya kwenye mafuta ya mawese, halafu unaipigilia katikati ya ubao na ubao kwa patasi butu, taratibu, mpaka ufa ushibe. Melkiadi alitazama siku moja, siku ya pili akaomba patasi, siku ya tatu mzee akaenda kulala. Huo ndio ulikuwa usaili wa kazi.

Mwenye boti alikuwa Maximilian, mfanyabiashara wa mchele wa Majengo, Mpanda mjini, ambaye watu wote walimwita tajiri na ambaye alikuwa akifika ziwani mara mbili kwa mwaka akiwa amevaa viatu safi. Tutafika ilipeleka mchele na mahindi Moba, ng'ambo ya Kongo, ikarudi na mawese na vitenge. Ilibeba kinanda cha kwaya. Ilibeba jeneza ambalo ndugu wa marehemu waligombana juu yake katikati ya ziwa mpaka nahodha akatishia kuwashusha wote, pamoja na marehemu. Mwaka mmoja ilibeba ng'ombe kumi na mmoja wa Nyanzala, Msukuma wa kule Mpimbwe, na dume mmoja akapiga teke ubao siku nzima, lakini ndani halikuingia tone. Nyanzala aliporudi alimpa Melkiadi mkono akamwambia, "Fundi, pamba umenunua kwangu. Kwa hiyo ng'ombe wangu wamesafiri juu ya shamba langu."

Tutafika haikuwa hata na ndoo ya kukumba maji. Boti zote za Karema zina ndoo. Ile ya Sixte, ambayo watu waliibatiza Karai, ilikuwa na ndoo saba na kila abiria alijua kwamba nauli yake ni pamoja na kazi. Sixte alikuwa akiziba kwa vipande vya viroba na mifuko ya plastiki. Melkiadi akiiona Karai inapita alikuwa anageuza uso, kama mtu aliyemkuta mchungaji kilabuni.

"Sasa fundi," watu walikuwa wakimuuliza, "boti nzuri namna hiyo, mbona hupandi?"

"Nyie mnaona mbao," alikuwa akijibu. "Mimi naona pamba."

Na hapo ndipo penye ukweli wote wa Melkiadi. Abiria walikuwa wanakalia mninga wakajisikia salama. Yeye peke yake alijua kwamba kati ya watu sitini na kina cha ziwa lile kulikuwa na uzi wa pamba wa upana wa kidole, aliouweka kwa mkono wake, siku nyingine akiwa na njaa, siku nyingine akiwa na mawazo. Kujua sana nako ni maradhi.

Haya yote yangebaki utani tu kama asingekuwepo Lucia.

Lucia ndiye mwanawe pekee. Mama yake alifariki Lucia akiwa na miaka minane, na Melkiadi akamlea mwenyewe. Alikuwa akimsuka nywele kwa vidole vilevile vya kusokota pamba. Mistari ilikaa imara wiki tatu, ila mtoto alinukia mawese na shuleni wakamwita Kikaango. Lucia hakuwahi kumwambia baba yake. Alipokuwa mkubwa akaolewa na Jean-Marie, fundi cherehani wa Moba, aliyekuja Karema juu ya Tutafika kuuza vitenge. Akaondoka naye juu ya Tutafika hiyohiyo. Melkiadi aliisindikiza mpaka maji yalipomfika vifundoni.

Sherehe ya ng'ambo hakwenda, alisema ana malaria. Lucia alipojifungua mtoto wa kwanza, alisema mguu unamsumbua. Wa pili alipozaliwa, alisema amefiwa na mjomba huko Litapunga, na ni kweli mjomba alikuwa amefariki, ila mwaka uliotangulia. Mwaka huu, mwezi wa saba, ukaja ujumbe wa sauti kwenye simu. Melkiadi aliusikiliza akiwa kwa Pelagia, jirani yake muuza samaki, kwa hiyo Karema yote iliusikia.

"Baba, nimepata mtoto wa kiume. Tumemwita Melkiadi. Baba, Tutafika inafika hapa kila mwezi, na kila mwezi nashuka ufukweni, namwona kila mtu isipokuwa wewe. Safari hii usipokuja, basi. Sitashuka tena. Nitajua tu kwamba nina baba wa kwenye simu."

Melkiadi aliurudia mara nne. Pelagia akaacha kuparua samaki.

"Baba Lucia, si uzunguke kwa barabara? Unapanda basi mpaka Kigoma, unaingia Burundi, unatokea Uvira, unashuka polepole na Kongo yote. Ukifika, huyo mtoto atakuwa anaoa, utakula na pilau."

"Naenda na Tutafika," akasema Melkiadi.

Pelagia akamtazama, akaona hatanii, akamshika mkono kwa mkono wake wenye magamba.

Akaanza maandalizi. Alichagua pamba ya mchumo wa kwanza, nyeupe, isiyo na jani, ile aliyozoea kuitunza kwa ajili ya ufa mbaya zaidi, akaichambua jioni tatu. Akaagiza kitenge kutoka Majengo, Pelagia akashona mfuko, wakaujaza pamba ile, ukawa mto mdogo wa kulalia mjukuu. Akaenda uhamiaji akachukua karatasi. Akamwambia kila mtu, ili asiwe na pa kurudi nyuma. Huo nao ni ujasiri, tusiudharau.

Tutafika ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo ya kiangazi, imelala juu ya magogo, hatua ishirini tu kutoka majini, nyasi zimeizunguka mpaka kiunoni. Kushushwa ilikuwa Jumamosi. Jumatano Melkiadi alishamaliza kuziba. Alhamisi akakagua. Ijumaa asubuhi akakagua tena, akakosa kosa, na mtu mwenye hofu akikosa kosa ndipo anapokuwa hatari.

Milima ya nyuma ilikuwa inaungua kama inavyoungua kila mwezi wa nane. Melkiadi akautazama moshi. Kwao Litapunga, mwenye ghala hakai tu akiona moshi kama ule. Anachoma kinga: asubuhi, kukiwa na umande na upepo umelala, anawasha mwenyewe ukanda wa nyasi kuzunguka mali yake, watu wakisimamia na matawi mabichi, ili moto wa porini ukija usikute cha kula. Baba yake alichoma kinga, babu yake alichoma kinga, na hakuna ghala la ukoo wa Lyamba lililowahi kuungua. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo pale mwaloni. Zile nyasi zilikuwepo pale kiangazi cha jana, na cha juzi. Lakini akaita vijana watatu, akawapa matawi, akawasha.

Na alichoma vizuri! Mashahidi wote wanasema hivyo. Alianzia mbali, akaenda pole, moto ukatembea kwa adabu, ukafika penye mchanga ukajifia, kama ulivyotakiwa. Maana mchanga hauungui, hilo hata kuku anajua.

Ila mchanga wa Litapunga haujawahi kunywa mawese. Huu wa chini ya Tutafika ulikuwa umedondokewa mafuta kila kiangazi kwa miaka ishirini na sita, na ya mashine juu yake, mpaka umekuwa mweusi na mgumu kama ukoko. Cheche ndogo ikatambaa hapo. Mmoja wa vijana akasema, "Fundi, mchanga unawaka." Melkiadi akamwambia asilete upuuzi.

Kisha mstari wa chini kabisa wa boti ukashika. Haukulipuka. Ulikimbia tu, kutoka pua mpaka mkia, mwembamba, ukipita palepale alipopigilia kwa patasi. Ukapanda mstari wa pili, ukapanda wa tatu. Melkiadi akasimama na tawi lake mkononi na akaelewa kila kitu kwa mara moja. Pamba iliyosokotwa, imelowa mafuta, imebanwa kwa ubao juu na chini. Alikuwa ameitengeneza kwa mkono wake kila mwaka, na kwa sifa, akiogopa maji tu. Ilikuwa taa.

"Ndoo!" akapiga kelele. "Leteni ndoo!"

Lakini Tutafika haikuwa na ndoo, si mnakumbuka? Ilikuwa inajivunia. Wakakimbia kwa Sixte, na Sixte, Mungu ambariki, alikuja na zake zote saba. Hazikutosha. Watu wakakusanyika wakasema tuisukume majini. Wakaisukuma, hamsini au zaidi, wakijiunguza mikono, wakiita hoya hoya, na ikaingia nusu. Lakini pamba ilikuwa imeshaungua, kwa hiyo maji yakaingia kila mahali. Ikawaka juu na kuzama chini kwa wakati mmoja. Tangu ziwa liwe ziwa, sijasikia chombo kingine kilichofaulu yote mawili.

Melkiadi alikaa mchangani akalia mbele za watu, kwa sauti. Aliililia boti, na alimlilia Lucia, na hakuweza kutofautisha.

Kufikia mchana Karema ilishapata hadithi yake: Melkiadi kaogopa maji mpaka kaenda kuomba msaada kwa moto. Pelagia alimletea ugali na hiyo habari kwa pamoja.

"Wanasema umechoma kusudi, baba Lucia."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema huna akili hiyo."

Ilikuwa faraja, lakini haikumkaa. Kwa sababu peke yake, akiutazama ule mto mdogo juu ya kitanda, alijiuliza kwa nini Ijumaa. Kwa nini siku moja kabla. Alijipekua moyo kama anavyopekua ufa na hakupata jibu analoweza kuliapia.

Jumatatu akaja Maximilian kutoka Mpanda na viatu safi. Aliitazama mifupa ya boti muda mrefu, akamgeukia.

"Fundi, kama ulikuwa huendi, si ungeniambia tu?"

"Nilikuwa naenda, tajiri."

"Haya." Akampiga piga begani. "Usijiumize. Ile ilikuwa safari yake ya mwisho hata hivyo. Nimeshaagiza ya chuma. Tutafika nilikuwa nimeiahidi kwa wachoma tofali wa Shanwe, kuni za mninga zinakaa sana na moto."

Alisema hivyo ili kumfariji. Ndivyo matajiri wanavyofariji. Melkiadi alirudi nyumbani akijua kwamba boti aliyoilinda na moto ilikuwa imeshaandikiwa moto, na kwamba ya chuma haihitaji pamba.

Lakini kilichomuuma zaidi ni simu. Habari za moto zilikuwa zimefika Moba Ijumaa ileile, habari mbaya hazipandi boti. Alisubiri Lucia apige, amgombeze, hata amtukane. Siku tano, kimya. Siku ya sita alichukua karatasi yake ya uhamiaji, mto wa mjukuu, na patasi, ambayo ndiyo pekee aliyookoa, akashuka mwaloni. Chombo kilichokuwa kinaondoka kwenda Moba kilikuwa kimoja tu.

"Fundi," akasema Sixte, na macho yake yakamtoka, "hii ni Karai."

"Naiona."

"Unaijua ilivyo?"

"Kuliko wewe," akasema Melkiadi, akaingia. Pelagia, aliyekuwa anapima dagaa, alifanya ishara ya msalaba akapoteza hesabu ya vikopo.

Saa ya kwanza alikaa amefumba macho, akisali rozari bila shanga. Saa ya pili akahisi baridi miguuni. Akafumbua. Maji yalikuwa ya vifundoni, na abiria walikuwa wanakumba huku wakipiga soga za mpira, kama watu wanaofagia uwanja. Melkiadi akatazama, na hasira ikampanda, hasira safi ya fundi, ikamsukuma hofu pembeni.

"Nani kaweka kiroba hapa? Sixte! Hiki ni kiroba cha sukari!"

"Kilikuwepo, fundi."

"Niletee mafuta ya kula. Na wewe kijana, inuka, umekalia ufa."

Akachomoa patasi. Akatafuta cha kuziba, akapapasa mfukoni, akapapasa mkobani, na mkono wake ukaangukia kwenye mto. Aliushika kidogo. Kisha akafumua mshono kwa meno, akatoa pamba ya mchumo wa kwanza, akaisokota, akaichovya, akaanza kupigilia kwa patasi na jiwe la jikoni. Ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alifanya kazi akiwa amelipa ziwa mgongo, akimtukana Sixte na ukoo wake kwa utaratibu, na abiria mmoja baada ya mwingine wakaweka ndoo chini. Aliposikia mtu anasema, "Moba hiyo," aliinua uso, na hapo ndipo alipokumbuka kuogopa. Wakamshusha wamemshika pande mbili.

Lucia hakuwepo ufukweni. Alikuwa amesema hatashuka tena, na yeye si mtu wa maneno mawili. Melkiadi akapanda kilima akiulizia nyumba ya Jean-Marie fundi cherehani, suruali imelowa mpaka magotini. Akamkuta anachekecha unga uani, mtoto mgongoni.

Lucia alisimama. Alimfungua mtoto, akamweka mikononi mwa baba yake, ndipo akauliza, "Umekuja na nini?"

"Na Sixte."

"Baba!"

Melkiadi akamkabidhi mfuko wa kitenge, mtupu, umelala kama soksi. "Huu ni mto wa mwanao."

"Pamba yake iko wapi?"

"Kwenye Karai. Ubao wa tatu, upande wa kushoto."

Lucia alicheka mpaka akakaa juu ya kinu, na akiwa anacheka akaanza kulia, na unga ukamwagika, na hakuna aliyeuzoa.

Sixte alikaa Moba siku tatu. Siku hizo tatu Melkiadi hakuweza kuvumilia, akashuka na pamba ya kununua akaiziba Karai yote, pua mpaka mkia, akiapa kwamba hafanyi hivyo kwa ajili ya mtu. Siku ya kuondoka alisema pamba mpya lazima ijaribiwe kwanza, hawezi kupanda. Sixte akaenda.

Mwezi uliofuata Karai ikarudi. Asubuhi, Sixte alipita uani kwa Lucia kumletea dagaa za Pelagia, akamwambia kwa furaha kwamba njia nzima halijaingia tone, ndoo tano ameshaziuza. Lucia akamshukuru, akamwomba asimwambie mzee.

Mchana Melkiadi akashuka mwenyewe ufukweni, mjukuu begani. Alipitisha vidole kwenye kila mstari, taratibu, kama anavyojua. Ndani ya boti mlikuwa na vumbi. Akapanda kilima, akakuta Lucia amebandika maji ya ugali.

"Vipi, baba?"

"Inavuja sana ile," akasema Melkiadi, bila kumtazama.

"Nilijua," akasema Lucia. "Usiipande." Akaongeza maji kwenye sufuria.